Kidonge cha Kulegeza Misuli: Kinasaidia, Tena Kinaweza Kudhuru

Ndugu msomaji, kazi ya Mitwaba ni kazi ya mgongo. Baba anashuka shimoni kutafuta kasiteriti, kisha anapanda na mfuko begani. Mama anabeba makala au ndoo ya maji kichwani, na mtoto yuko mgongoni. Kijana anasukuma kinga yenye magunia ya mihogo, kilima kwa kilima. Jioni mgongo unauma, shingo inakaza, mapaja yanashikwa. Asubuhi mtu hawezi kuinama kuosha uso wake. Ndipo jirani anamwambia, "Nenda sokoni, uombe kile kidonge cha kulegeza. Meza kimoja tu, utalala kama mtoto mchanga."

Jirani hana nia mbaya. Lakini amempa mwenzake shauri ambalo hata daktari halitoi upesi. Maana dawa za kulegeza misuli si dawa za mchezo. Zinaponya zikitolewa kwa mtu anayezihitaji, kwa kipimo chake, kwa siku zake. Nje ya hapo zinaweza kumwangusha mtu katika moto, kumzuia mtoto kunyonya, hata kusimamisha pumzi. Basi tujifunze pamoja ni dawa za namna gani, na namna ya kuzitumia bila kujidhuru.

MISULI NI KITU GANI?

Misuli ni zile nyama za mwili zinazovuta mifupa. Ukikunja mkono, nyama ya mbele inakazana na ile ya nyuma inalegea. Ubongo ndio unaotoa amri, nayo amri inapita katika uti wa mgongo na mishipa ya fahamu mpaka kufika katika nyama yenyewe.

Nyama iliyochoka au kuumia mara nyingi hukaza yenyewe. Inajilinda, kama vile mtu anavyokunja mkono wake uliojeruhiwa ili mtu asiuguse. Kwa hiyo mkazo si ugonjwa siku zote. Mara nyingi ni mwili unaosema, "Nipumzishe." Maumivu ya mgongo yanayotokana na mzigo mzito kwa watu wengi hupungua sana katika majuma machache, hata bila dawa kali.

Lakini upo mkazo wa namna nyingine. Mtu aliyepata pepopunda hukaza taya na mgongo kwa sababu sumu ya vijidudu imeingia katika mishipa yake ya fahamu. Mtu aliyeumia uti wa mgongo, au mtoto aliyedhurika ubongo wakati wa kuzaliwa, huwa na miguu migumu miaka yote. Hawa hawasaidiwi na mapumziko peke yake. Kwa ajili yao hasa dawa za kulegeza ni msaada mkubwa.

DAWA ZENYEWE

Iliyo mashuhuri kuliko zote ni diazepamu. Wengi wanaijua kwa jina la Valium, jina ambalo kampuni ya Hoffmann-La Roche iliiuzia tangu mwaka 1963. Aliyeitengeneza ni mtaalamu Leo Sternbach. Dawa hii haifanyi kazi katika nyama ya mgongo wako. Inafanya kazi katika ubongo na uti wa mgongo, ikiongeza nguvu ya zile habari zinazotuliza. Ndiyo sababu inalegeza misuli, inaondoa hofu, inaleta usingizi na kukomesha degedege, yote kwa pamoja. Huwezi kuiambia, "Legeza kiuno tu, uache kichwa." Itafanya kazi yake yote.

Diazepamu imo katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani. Hospitalini inaokoa watu: mtoto mwenye degedege lisilokoma, mgonjwa wa pepopunda anayekazwa mwili mzima. Kwa hiyo hatusemi kwamba ni dawa mbaya. Shoka ni chombo kizuri, lakini humpi mtoto alichezee.

Nyingine ni baklofeni, ambayo hupewa watu wenye miguu au mikono migumu kwa sababu ya ugonjwa wa ubongo au uti wa mgongo. Tena kuna tiokolkikosidi, inayojulikana sana katika nchi zinazotumia dawa za Kifaransa. Mwaka 2013 wakuu wa dawa wa Ulaya waliiwekea mipaka: vidonge visipite siku 7, sindano zisipite siku 5, wala isipewe mwenye mimba, anayenyonyesha, au mtoto aliye chini ya miaka 16. Waliogopa kwamba kitu kinachotokea mwilini baada ya kuimeza kinaweza kudhuru chembe za mwili zinazogawanyika. Je, yule anayekuuzia vidonge juu ya meza sokoni alikuambia hayo?

Vingine ni vidonge vya mchanganyiko, dawa ya kulegeza pamoja na parasetamoli. Mtu anameza hivyo, kisha anaongeza parasetamoli nyingine kwa ajili ya kichwa, na hajui kwamba amemeza dawa ile ile mara mbili. Parasetamoli ikizidi huharibu ini. Mtu mzima mwenye afya asipite miligramu 4000 kwa siku nzima, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, akihesabu na ile iliyomo katika mchanganyiko.

JAMBO LILILOTOKEA ITURI

Sasa sikilizeni jambo lililotokea katika nchi yetu hii ya Kongo, upande wa Ituri, karibu na mpaka wa Uganda. Kuanzia Desemba 2014, watu wa sehemu za Adi walianza kuletwa kwa waganga wakiwa na ugonjwa wa ajabu. Shingo zao zilikaza na kupinda. Wengine macho yaligeuka juu, wengine ulimi ulitoka nje wasiweze kuurudisha. Kwa sababu ya shingo ile, kwanza watu walihofu ugonjwa wa uti wa mgongo, ule unaoenea upesi na kuua. Hawakuwa wachache. Hesabu ilifika mamia ya wagonjwa, na jambo hilo liliendelea mpaka katikati ya mwaka 2015.

Waganga wa serikali na wenzao wa Médecins Sans Frontières walitafuta sababu. Haikuwa kijidudu. Vidonge walivyokuwa wakimeza wagonjwa vilipimwa katika maabara. Chupa iliandikwa diazepamu, lakini ndani ya vidonge hakukuwa na diazepamu hata kidogo. Kulikuwa na haloperidoli, miligramu 10 mpaka 20 katika kila kidonge. Haloperidoli ni dawa ya kweli, nayo huwasaidia watu wenye ugonjwa mzito wa akili. Lakini kwa kipimo kikubwa namna ile, kwa mtu asiyeihitaji, inaweza kukaza misuli ya shingo, taya, ulimi na macho. Julai 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo kwa nchi zote juu ya vidonge hivyo.

Tufikiri vema maana ya habari hii. Mtu alitafuta dawa ya kulegeza, akameza dawa ya kukaza. Shingo ilipokaza, kama angeongeza kidonge kingine cha chupa ile ile ili imlegeze, angezidi kujifunga. Na jirani anayemtazama mtu aliyepinda shingo na kugeuza macho anaweza kusema upesi, "Huyu ana pepo," au, "Amelogwa." Wakati huo chupa iko pale pale juu ya meza, na watoto wa nyumba wanaendelea kupewa.

Basi, kama mtu amemeza dawa yo yote, na baada ya saa chache au siku chache shingo, taya au macho yake yanavutwa yenyewe, acheni dawa ile, mchukueni hospitali siku ile ile, na mlete chupa pamoja naye, hata kama ni tupu. Ipo dawa ya kumfungua. Kusali kwa ajili yake ni vema. Kumfunga kamba na kumfanyisha njaa ni kumwongezea mateso.

Mitwaba ni mbali na Lubumbashi, na wakati wa mvua barabara inakuwa matope. Dawa inayotufikia imepita mikono mingi, na jua kali. Kwa hiyo nunueni dawa mahali panapojulikana, pa mtu aliyejifunza kazi hiyo, anayeweza kujibu maswali yenu. Tazameni jina la dawa, nguvu yake, na tarehe ya mwisho. Kidonge kilichofungwa katika kipande cha gazeti hakina jina, hakina tarehe, wala hakina mtu wa kukishuhudia. Hata chupa yenye maandishi mazuri inaweza kudanganya, kama tulivyoona. Lakini dawa iliyotoka katika farmasi ya hospitali au kituo cha afya ina njia ya kufuatwa nyuma, mpaka ijulikane imetoka wapi.

HATARI NNE ZA KUJUA

Ya kwanza ni usingizi na ulegevu. Diazepamu haitoki mwilini upesi. Dawa ya jana usiku inaweza kuwa ingali katika damu leo jioni, hata kesho kutwa. Kwa mzee inakaa zaidi. Ukimeza kila siku, ya leo inaongezwa juu ya ile ya jana. Kwa hiyo mtu anayetumia dawa hizi asiendeshe pikipiki, asishuke shimoni, asipande mti, asiachwe peke yake karibu na moto wala ndani ya mtumbwi. Mzee asindikizwe akienda chooni usiku, maana mfupa wa nyonga ukivunjika ni taabu kubwa kuliko maumivu ya mgongo.

Ya pili ni kuchanganya. Pombe nayo inalegeza ubongo. Lutuku na diazepamu vikikutana, kila kimoja kinaongeza nguvu ya mwenzake, na ubongo unaweza kusahau kuamuru kifua kivute pumzi. Mtu analala, anakoroma, kisha hakoromi tena. Hatari ni ile ile kwa tramadoli, kodeini na morfini, na dawa nyingine za usingizi. Vijana wanaochanganya tramadoli na vidonge hivi ili wasisikie uchovu wa kazi, wanacheza na pumzi zao.

Ya tatu ni ya mama na mtoto. Mwenye mimba asimeze dawa ya kulegeza kwa shauri la rafiki. Mtoto anaweza kuzaliwa akiwa mlegevu, asiyeweza kunyonya wala kupumua vizuri. Dawa inapita pia katika maziwa, na mtoto mchanga huanza kulala mno na kupungua uzito. Mama aliyeumwa mgongo baada ya kuzaa aje kliniki aseme wazi kwamba ananyonyesha.

Ya nne ni mazoea. Mtu akitumia diazepamu kila siku kwa majuma mengi, mwili unaizoea na kuanza kuidai. Kidonge kimoja hakitoshi tena, anataka viwili. Akikosa, anatetemeka, anatoka jasho, hapati usingizi, tena anaweza kushikwa na degedege. Kwa sababu hiyo madaktari huitoa kwa siku chache, wala hawapendi ipite majuma mawili mpaka manne. Na aliyeitumia muda mrefu asiiache ghafula. Apunguzwe kidogo kidogo na daktari. Ni vivyo hivyo kwa baklofeni: kuiacha siku moja kunaweza kuleta mkazo mkali, homa, kuchafuka akili na degedege.

Hapa niseme neno kwa washiriki wenzangu wa kanisa. Ndugu aliyeombewa akajisikia vizuri, na ashukuru. Lakini asitupe dawa hizi mtoni siku ile ile ili kuonyesha imani yake. Aje hospitali, daktari apunguze kipimo kwa utaratibu. Kumshukuru Mungu na kufuata kipimo havigombani.

MAUMIVU YASIYOFAA KUFICHWA

Kidonge cha kulegeza kinaweza kunyamazisha maumivu ambayo yalikuwa yakiita msaada. Njoo hospitali bila kukawia ukiona mojawapo ya haya:

Taya linakaza, mdomo haufunguki, hasa kama ulijikata au kuchomwa na msumari siku zilizopita. Hiyo inaweza kuwa pepopunda. Na mtoto mchanga aliyekuwa akinyonya, akaacha kunyonya na kukakamaa, ni hatari hiyo hiyo. Ndiyo maana tunawahimiza wenye mimba wapate chanjo ya pepopunda.

Shingo imekaza pamoja na homa na maumivu makali ya kichwa. Hiyo inaweza kuwa ugonjwa wa uti wa mgongo.

Mgongo unauma na miguu inakufa ganzi au kuishiwa nguvu, au mkojo umezuilika, au mkojo na choo vinatoka bila habari. Mishipa inabanwa. Hapo saa zinahesabiwa.

Mgongo unauma usiku na mchana kwa majuma mengi, mwili unakonda, kuna homa ya jioni na jasho la usiku, pengine mfupa wa mgongo umeanza kutokeza. Kifua kikuu hakikai mapafuni tu. Kinaweza kula mifupa ya mgongo. Kina dawa, nacho hupona. Lakini tufikiri juu ya mchimbaji mmoja anayenunua vidonge vya kulegeza kila Jumamosi, mwaka mzima. Kila Jumamosi anapata nafuu ya siku mbili. Siku anayoletwa na machela, miguu imekwisha kufa. Vidonge havikumwua. Vilimchelewesha tu, na kuchelewa ndiko kulikomgharimu miguu yake.

DAKTARI AKIKUPA DAWA HII

Kwanza mwambie kweli yote: dawa unazotumia, za hospitali na za miti, kama unakunywa pombe, kama una mimba au unanyonyesha, kama una ugonjwa wa pumzi, wa ini au wa figo, kama unakoroma sana na kukatika pumzi usiku. Usione haya mbele ya daktari au mwuguzi. Anauliza ili asikuumize.

Pili uliza mambo matatu: nimeze ngapi, saa ngapi, kwa siku ngapi. Aandike juu ya karatasi. Kama husomi, mlete mtu wa nyumba yako anayesoma, au omba uchorewe jua na mwezi.

Tatu fuata kipimo. Ukisahau kidonge, usimeze viwili kwa mara moja. Maumivu yakiisha kabla ya siku chache ulizopewa kwisha, uliza kama unaweza kuacha. Vidonge vinavyobaki virudishe. Usimpe shemeji, usimpe jirani, usiviweke kwa ajili ya mwaka ujao.

Nne weka dawa juu, ndani ya sanduku lenye kufuli. Kwa mtoto kila kidonge chenye rangi ni bombo.

Tena usisahau msaada usio na bei. Weka kitambaa kilicholoweshwa katika maji ya moto ya kuvumilika, kisha kukamuliwa, juu ya mahali panapouma. Tembea polepole, maana kulala kitandani siku nyingi hukaza mgongo zaidi. Inua mzigo kwa kukunja magoti, uukaribishe kifuani, usipinde kiuno huku unauinua. Gawanya gunia moja liwe mafurushi mawili. Na wewe baba mwenye nguvu, chukua ndoo ya maji siku ambazo mgongo wa mama unauma. Hiyo nayo ni tiba, wala haina madhara.

MTU AKIMEZA NYINGI

Ukimkuta mtu amelala na haamki vizuri, na vidonge viko karibu, mwite kwa nguvu na kumtikisa bega. Akiwa anapumua, mlaze ubavu, kinywa kielekee chini kidogo, ili matapishi yasimzibe. Usimpe maziwa, mafuta ya mawese wala maji ya chumvi. Usimlazimishe kutapika. Usimwache peke yake. Mlete hospitali pamoja na vidonge vilivyobaki. Kama ni mtu aliyekuwa na huzuni nyingi, usimfokee wala kumtangaza kijijini. Atahitaji mtu wa kukaa naye baada ya dawa kwisha mwilini.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Dawa ya kulegeza misuli hutolewa na daktari au mwuguzi aliyejifunza, si na jirani.
2. Kidonge kisicho na jina na tarehe, usikimeze.
3. Usichanganye na pombe, tramadoli wala dawa za usingizi.
4. Usiendeshe, usishuke shimoni, usikae peke yako karibu na moto.
5. Mwenye mimba na anayenyonyesha, uliza kwanza.
6. Tumia siku chache. Uliyetumia majuma mengi, usiache ghafula.
7. Taya kukaza, miguu kufa ganzi, mkojo kuzuilika, homa na shingo ngumu: njoo leo, usingoje kesho.

Msomaji mpendwa, leo jioni fungua lile sanduku la nyumbani unalowekea dawa. Toa kila kidonge usichokijua jina. Visitupwe jalalani, watoto wasije wakaviokota. Vifunge katika kitambaa, uvilete dispensari siku ya kliniki. Hatutakuuliza ulivinunua kwa nani, wala hatutakucheka. Tutavitazama pamoja, tutakuambia kipi ni kipi, na vibovu tutaviharibu. Kisha ukiwa hapo, tuonyeshe mgongo wako, tuupime.